Kupima malezi ya ndugu yako katika nyumba ya uangalizi: mwongozo kwa familia za Lubumbashi

Mdogo wangu ana kifafa tangu utoto, na akili yake haikukua sawa na mwili. Ni mtu mzima sasa, anapenda redio na anapenda kufagia. Mama yetu alipofariki tulimpeleka katika nyumba moja ya hapa mjini ambamo watu wazima wenye ulemavu wanaishi wachache kwa pamoja, pamoja na walezi wa kuwasaidia kuoga, kupika, kumeza dawa na kutoka. Ziara yangu ya kwanza ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, na nilikuwa nimepiga simu mapema. Sebule inang'aa, kuta zimepakwa rangi, kila mtu amevaa shati safi. Nikarudi nikawaambia ndugu: tumepata mahali. Miezi minne baadaye nikaona suruali yake ya bluu, ile tuliyokuwa tukisema inambana, imefungwa kiunoni kwa kamba ya kiatu.

Tangu siku hiyo sisi ndugu wa wakaaji tuna komite ndogo, na tunapima. Haya ndiyo tunayofanya.

Kabla ya yote: nani ana ufunguo na nani ana chungu

Uingereza wana mpango ambao mtu mwenye ulemavu anapanga nyumba kwa mkataba wake mwenyewe, na walezi wanakuja kwa mkataba mwingine kabisa. Akichoshwa na walezi, anawabadilisha na nyumba inabaki yake. Huduma ya mwili katika nyumba hizo inakaguliwa na tume ya serikali, ambayo katika England inafanya kazi hiyo tangu 2009 na inauliza maswali matano: je, mtu yuko salama, huduma inaleta matokeo, walezi wana utu, wanaitikia haja ya kila mmoja, na uongozi ni mzuri?

Maswali ni mazuri, tuyachukue. Lakini kwetu mambo yale mawili, nyumba na malezi, yako mikononi mwa mtu mmoja. Mwenye lupango, yaani kiwanja chenye nyumba, ndiye bosi wa walezi, na ndiye mwenye chungu. Anayelalamikia bukari (ugali) isiyoiva anaweza kujikuta barabarani na mkeka wake. Usilisahau hilo unapomsikia mkaaji akisema “tuko vizuri, hakuna shida”. Labda ni kweli. Labda amepiga hesabu.

Sheria iko upande wako. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na kifungu cha 19 kinampa mtu haki ya kuchagua anaishi wapi na anaishi na nani. Kuna pia sheria yetu wenyewe, namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kukuza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Mimi natembea na nakala yake kwenye mfuko. Sijawahi kumsomea mtu hata mstari mmoja. Kuiweka tu mezani kunabadilisha sauti ya mazungumzo.

Hatua ya 1. Andika siku yake kabla hujavuka lango

Chukua kaye ya shule, yaani daftari. Andika siku ya ndugu yako ilivyokuwa nyumbani, saa kwa saa: anaamka lini, anaoga maji ya moto au ya baridi, nani anamnyoa, chakula gani anakisukuma pembeni, anakwenda wapi akitoka, analala na nini mkononi. Yangu ilijaa kurasa mbili. Mistari mingine ilionekana ya kipuuzi: “hapendi sombe (kisamvu) yenye mafuta mengi”, “akisikia kwaya lazima aende”. Hiyo ndiyo imenisaidia kuliko yote. Ukimuuliza mkuu wa nyumba kama wanamlea vizuri, atasema ndiyo, na mazungumzo yamekwisha. Ukimuuliza Jumapili iliyopita alikwenda kwenye kwaya na nani, kuna jina la mtu, na mtu huyo unaweza kumtafuta.

Kubaliana na mkuu wa nyumba, kwa maandishi, kwamba familia inaweza kufika bila kupiga simu. Akikataa kabisa, umekwisha kupima nusu ya nyumba hiyo. Kisha mwombe ruhusa mwenyeji halisi, yaani ndugu yako. Chumba ni chake. Piga hodi, ngoja aitike kwa namna yake, ndipo uingie. Na uangalie kama walezi nao wanapiga hodi.

Hatua ya 2. Fika saa ambayo hakuna anayekungoja

Njoo alfajiri, saa kumi na moja na nusu, wakati mlezi wa usiku amechoka na wa mchana hajafika. Njoo saa ya chakula cha jioni. Njoo Jumapili mchana, wakati nyumba imelala. Njoo umeme umekatika, uone nani ana tochi na nani amewasha mshumaa karibu na chandarua. Ziara nne kwa mwezi zinatosha, na ndugu wagawane zamu ili mtu mmoja asichoke wala asizoeleke.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Lubumbashi inauma. Usiku huo lazima uone wanalalaje: blanketi ngapi, na mbabula, lile jiko la mkaa, iko wapi. Ukikuta mbabula yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa, itoe nje wewe mwenyewe, hata kabla ya salamu. Gesi yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Katika nyumba yenye watu wa kifafa mbabula ni hatari mara mbili, kwa sababu mtu anaangukia moto na hawezi kujitoa. Hata hivyo nyumba nzuri haimfukuzi jikoni. Inamkalisha pembeni na beseni la mboga, na mtu mwingine ndiye anayekaa upande wa moto.

Hatua ya 3. Keti saa moja, nyamaza, andika kila dakika tano

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo watu wanaiacha kwa sababu inachosha. Asili yake ni kazi ya Tom Kitwood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, waliobuni namna ya kuwatazama wazee wenye ugonjwa wa kusahau: mtazamaji anakaa chumbani, na kila dakika tano anaandika kile kinachompata kila mmoja wa watu wachache aliowachagua. Wao wana mafunzo na alama zao maalumu. Sisi tumechukua wazo tu. Chora mistari kumi na miwili kwenye kaye, hiyo ni saa moja. Chagua mtu mmoja, na asiwe ndugu yako kila mara. Andika anafanya nini, nani amemgusa, nani amesema naye, na uso wake ukoje.

Hizi ni dakika ishirini na tano kutoka kwenye kaye yangu, asubuhi moja:

2:05, amekaa kwenye benchi. Mlezi anapita na ndoo, hamwangalii.
2:10, amekaa.
2:15, mlezi anamvuta mkono, “simama”, anamfuta mdomo kwa pembe ya kitenge chake bila kumwambia kitu. Amekunja uso.
2:20, amekaa.
2:25, mwenzake wa chumba anamkatia kipande cha muhogo. Wanacheka.

Saa ile ilipoisha, mistari saba ilikuwa mitupu. Mara mbili aliguswa kama kiti kinavyofutwa vumbi. Kicheko kimoja, na hakikutoka kwa anayelipwa. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Ripoti yoyote ya kawaida ingeandika “hali nzuri”. Nilipomwonyesha yule mama mlezi karatasi yenyewe hakukasirika. Aliisoma mara mbili, akasema, “Kweli, sikumsemesha.” Wiki iliyofuata nilimsikia akisema “nakuja kukufuta mdomo, yaya”, yaani ndugu mkubwa, kabla ya kunyoosha mkono.

Mstari mtupu peke yake si kosa. Wako watu wanaopenda kukaa kimya kwenye jua, na ni haki yao. Tazama uso, tazama mikono. Anayejitikisa mbele na nyuma kwa nusu saa, au anayejiuma, hajapumzika.

Hatua ya 4. Zungumza naye, hata kama hasemi

Kaa naye bila mlezi kusikia. Mkitembea nje ya lango ni bora zaidi, maana ukuta wa lupango una masikio. Watu waliozoea kuamuliwa kila kitu wanajibu “ndiyo” kwa swali lolote, kwa hiyo geuza swali: umeuliza kama chakula kinatosha akasema ndiyo, baada ya muda uliza kama analala na njaa. Akisema ndiyo mara zote mbili, hujapata jibu bado. Afadhali kuuliza mambo ya mkono: “Nionyeshe sabuni yako.” “Jana ulivaa nini?” “Ukitaka chai usiku unafanyaje?”

Kwa asiyesema, tumia picha kwenye simu. Nilipiga picha za walezi wote kwa ruhusa yao, na mdogo wangu aliyeulizwa nani amnyoe aliweka kidole kwenye picha ileile siku tatu tofauti. Kulikuwa na picha moja ambayo akiiona anageuza kichwa. Hilo si ushahidi wa kosa. Ni sababu ya kuja zamu ya mtu huyo, alfajiri.

Hatua ya 5. Mwili, kisha dawa

Mwombe ruhusa, na kama ni mwanamke aende mwanamke. Angalia kucha, meno, mikunjo ya shingo na kinena. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu au kitandani, angalia matako, visigino na mgongo wa chini. Vitabu vinasema tafuta wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri: tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi ya kawaida, pagumu au pa moto kuliko pembeni yake. Hapo kidonda kinajiandaa. Uliza anageuzwa kila baada ya muda gani. Wa kitandani kawaida anageuzwa kila saa mbili hivi, na usiku ni sehemu ya hesabu.

Tazama analishwa vipi. Mtu anayelishwa amelala chali, na anakohoa kila kijiko, chakula kinaingia mapafuni. Akae wima, na abaki wima kwa muda baada ya kula.

Uzito ndio ulioniumbua mimi. Nunueni mizani moja kwa nyumba nzima, pimeni kila mwezi, siku ileile, bila viatu. Aliyekuwa na kilo 60 akapoteza 3 ndani ya mwezi, au 6 ndani ya miezi sita, bila kutaka, aende kwa daktari. Usingoje suruali ikwambie.

Dawa ni hesabu, wala haihitaji maneno mengi. Mdogo wangu anameza kidonge kimoja cha fenobarbitali, dawa yake ya kifafa, kila usiku. Vidonge 30 vinanunuliwa na kuanza tarehe 1. Asubuhi ya tarehe 18 amekwisha kumeza usiku 17, kwa hiyo pakiti lazima iwe na 13. Nilipohesabu mara ya kwanza nilikuta 19. Usiku sita hakupewa. Mkuu wa nyumba alishtuka kuliko mimi: mlezi wa usiku alikuwa mgeni na hakuna aliyemwonyesha kabati. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege linalofuatana bila kukoma, na hilo linaua. Pakiti ikibaki na vidonge vichache kuliko hesabu, uliza pia: ama anapewa zaidi, ama vinauzwa.

Kuna dawa nyingine za kuangalia kwa jicho kali, zile za kutuliza. Mtu anatembea kwa kuburuta miguu, mwili umekakamaa, mate yanamtoka, analala mchana kutwa: uliza anapewa nini, nani aliiandika, lini, na kwa ugonjwa gani. Haldol ni dawa halali kwa mgonjwa wake. Kwa mtu ambaye kosa lake ni kupiga kelele wakati mlezi yuko peke yake, hiyo ni kamba ya aina nyingine. Usiikatishe wewe, mpeleke kwa wanaojua. Hapa mjini kuna kituo cha Dr Joseph Guislain kwa magonjwa ya akili na kifafa.

Hatua ya 6. Pesa

Fupi tu. Kila mkaaji awe na ukurasa wake: kilichoingia, kilichotoka, sahihi mbili. Zawadi za parokia ziandikwe pia. Siku ya ziara chagua kitu kimoja kwenye ukurasa, kwa mfano ndala za mwezi uliopita, kisha useme: naomba kuziona. Ziara mbili za namna hiyo zinatosha kukuonyesha hali.

Hatua ya 7. Vitasa, kamba, simu

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2012 chombo cha kukagua nyumba na hospitali za watu wenye magonjwa ya akili na ulemavu, QualityRights, na sehemu kubwa yake ni uhuru: nani anafungiwa, nani anafungwa, nani anaadhibiwa, na nani anaishi kweli katikati ya watu. Kwetu tumeyageuza kuwa matembezi ya dakika kumi. Tazama kila kitasa: ufunguo uko upande gani wa mlango? Choo kina komeo la ndani? Usiku lango likifungwa na moto ukazuka, nani anafungua, na yuko wapi sasa hivi? Tazama vifundo vya mikono kama vina alama. Uliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: “Mtu akikataa kuoga, mnafanyaje?” Nyumba nzuri itakusimulia hadithi ndefu ya kubembeleza, mara nyingi yenye kuchekesha. Nyumba nyingine itakujibu haraka: “Hapa hakuna anayekataa.”

Na jambo dogo ambalo nimejifunza kulithamini: anaweza kupiga simu kwenu bila kuomba? Tuliweka simu ya bei rahisi sebuleni, yenye namba za familia kwa picha. Wiki ya kwanza tulipigiwa mara arobaini, nyingi zikiwa ni pumzi tu na redio nyuma. Sasa nikisikia redio ile najua yuko wapi.

Hatua ya 8. Wapime walezi kwa kuwauliza wao

Sikubaliani na ndugu wanaoingia kama askari. Mlezi ambaye hajalipwa miezi mitatu hana nguvu ya kubembeleza mtu aoge. Uliza, pembeni: usiku mko wangapi kwa watu wangapi? Mwisho ulipumzika lini? Nani alikufundisha kufanya nini mtu akianguka kifafa? Akisema anamweka kijiko mdomoni, mfundishe palepale: hakuna kitu mdomoni, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, tazama saa, ikipita dakika tano, hospitali. Uliza pia walezi wangapi wameondoka mwaka huu. Nyuso zikibadilika kila mwezi, hakuna anayejua tena kwamba huyu hapendi sombe yenye mafuta.

Kama kitu kinachokosekana ni glovu, sabuni au mishahara, sehemu ya kosa ni yetu sisi tunaochelewesha mchango. Hilo nalo linaingia kwenye kaye.

Hatua ya 9. Gawa uliyoyaona mafungu mawili

Fungu la kwanza halingoji kesho: kipigo, kufungwa kamba, njaa, dawa ya kifafa kukatika, kidonda kilichofunguka, mtu kuguswa kingono. Kwa hilo la mwisho, usimwogeshe, usifue nguo zake, mpeleke hospitali kabla saa 72 hazijapita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ina muda huo tu. Sheria ya Kongo dhidi ya ukatili wa kingono ni ya Julai 2006, na hairuhusu wazee wa familia wakae chini ya mwembe kupatana juu ya jambo hilo. Nenda polisi, na uijulishe ofisi ya serikali ya mambo ya jamii.

Fungu la pili ni mengine yote. Usibebe mambo kumi na tano. Chagua matatu, kaa na mkuu wa nyumba, ndugu yako naye akiwepo hata kama atakuwa anacheza na redio, mwandike nani atafanya nini na kufikia tarehe gani. Anza na kitu ulichokiona kizuri, kwa sababu kipo: yule mwenzake wa muhogo, kwa mfano, hakujifunza ukarimu huo mahali pabaya.

Tarehe ya ziara inayofuata, saa yake, na nani anakwenda, viandikwe kabla ya kufunga kaye. Yetu ni Jumanne alfajiri, zamu ya shemeji, ambaye hapendi kuamka mapema. Tumeshamwambia alale kwangu Jumatatu.